Cherehani Iliyofunikwa

Nyumbani kwetu Chepkoilel, kwenye chumba cha kogo, kuna cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa redio, Biblia na picha ya mahafali ya binamu yangu. Mgeni akiingia anaona meza. Hata sisi tuliolelewa humo tumezoea kuiita meza. "Niletee miwani, iko pale kwa meza." Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona mtu akiitumia kushona kitu, hata kifungo.

Cherehani hiyo si yetu. Iliingia kwenye boma letu wiki ya kwanza ya Januari 2008, juu ya mkokoteni uliosukumwa na anko wangu na vijana wengine wawili. Nilikuwa na miaka minane. Mwenyewe alikuwa jirani yetu, mama mmoja Mkikuyu tuliyemwita Mama Fundi. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Ziwa, na alishonea nusu ya kijiji yunifomu za shule. Kaptula niliyoanza nayo darasa la kwanza ilitoka mikononi mwake. Siku cherehani ilipofika kwetu, yeye na watoto wake walikuwa wamelala usiku wa pili au wa tatu kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, pamoja na maelfu ya watu wengine waliofurushwa. Hakurudi tena.

Naandika haya kwa sababu nilisomea sheria, na kwa miaka minne nilikuwa hodari wa kueleza ni nani anayepaswa kuwajibika kwa yaliyotokea wakati ule. Jibu langu lilikuwa moja tu: serikali. Bado naamini ni jibu la kweli. Shida ni kwamba nilikuja kugundua ni kwa nini nililipenda hivyo.

*

Tuanze na yaliyo wazi. Matokeo ya urais yalitangazwa 30 Desemba 2007, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Hiyo namba wengi tunaijua. Isiyotajwa sana ni ile iliyo ndani yake: 405 kati yao walikufa kwa risasi. Vijana wa vijijini walikuwa na mishale, mapanga na petroli. Bunduki, kwa sehemu kubwa, zilikuwa mikononi mwa polisi.

Hapa kwetu jina ambalo kila mtu analijua ni Kiambaa, nje kidogo ya mji. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo wakiamini kwamba kanisani hakuna atakayewagusa. Mwaka uliofuata, wanaume wanne walioshtakiwa kwa mauaji hayo waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru. Jaji alikuwa David Maraga, yule aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, na katika hukumu yake aliwalaumu polisi kwa uchunguzi mbovu. Ukisoma hukumu hiyo unaona kitu cha ajabu: mahakama ya nchi inasema polisi wa nchi hiyohiyo hawakufanya kazi yao, halafu kila mtu anaenda nyumbani.

Bunge nalo likakataa mswada wa kuunda mahakama maalum, Februari 2009. Ile bahasha ya majina ya Waki ikatoka kwa Kofi Annan ikafika kwa Luis Moreno-Ocampo, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Mnamo Desemba 2010 akataja watu sita. Wanne ndio waliothibitishiwa mashtaka Januari 2012, na wote walikana. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014. Tarehe 5 Aprili 2016, majaji wawili kati ya watatu wakasimamisha kesi ya William Ruto na Joshua arap Sang. Hawakuwapata na hatia, na pia hawakutangaza kwamba hawana hatia. Walisema ushahidi uliobaki hautoshi kuendelea, na Jaji Chile Eboe-Osuji akaeleza jinsi mashahidi walivyoingiliwa na siasa kujipenyeza.

Siku hiyo nilikuwa shule ya bweni. Habari ilifika wakati wa prepu, na bweni zima likalipuka kwa shangwe. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Sikujua ninashangilia nini hasa. Nilijua tu kwamba "sisi" tumeshinda. Ni baadaye sana nilipojiuliza kama Mama Fundi alikuwa ndani ya hiyo "sisi".

*

Kitu cha kwanza nilichojifunza chuoni ni kwamba tulikuwa tumekosea hata kuelewa kesi yenyewe. Mitaani tulizungumza kana kwamba Kenya iko kizimbani The Hague. Haikuwa. ICC inashtaki watu. Mtu anaweza kufungwa, nchi haifungwi. Kwa hiyo kesi ilipoanguka, lililoanguka ni swali moja tu: je, hawa watu mahususi walipanga? Swali la pili halikuguswa kabisa: Kenya, kama nchi, inadaiwa nini na raia wake waliochomwa, waliobakwa, waliopigwa risasi na waliofukuzwa makwao?

Swali hilo la pili lina sheria yake. Nchi inawajibika pale askari wake anapoua, hilo ni rahisi. Lakini vipi pale anayeua ni jirani? Jibu maarufu zaidi lilitoka mbali na kwetu. Julai 1988, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu dhidi ya Honduras kuhusu mwanafunzi aliyeitwa Velásquez Rodríguez, aliyetekwa akapotea. Mahakama ilisema kwamba hata pale ambapo mtendaji ni raia wa kawaida, au hajulikani kabisa, nchi inaweza kubeba lawama kama haikuchukua hatua zinazostahili kuzuia, kuchunguza na kuadhibu. Kwa maneno ya mtaani: huwezi kuchukua kodi yangu na kujipa haki ya kushika bunduki peke yako, halafu nyumba yangu ikichomwa useme hukuona.

Fundisho hilo limeshafika nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 2, inasema mikataba ambayo Kenya imeidhinisha ni sehemu ya sheria za Kenya. Na tarehe 10 Desemba 2020, Siku ya Haki za Binadamu, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na manusura wa ubakaji wa kipindi kile cha vurugu pamoja na mashirika yaliyowaunga mkono. Manusura wanne kati ya wanane waliamuriwa walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Walioshinda ni wale ambao mahakama iliona mkono wa maafisa wa serikali, au iliona kwamba polisi walipelekewa habari wasifanye lolote. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu waumizwe.

Darasani nilikuwa simba wa hoja hizi. Mwenzangu mmoja alipouliza, "Lakini serikali ya 2008 si ilishaondoka? Mbona hii ya sasa ilipe?" nilimjibu kwa mfano wa mtaani kwetu. Hapa Chepkoilel palikuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi. Baadaye pakawa chuo kishiriki, na mwaka 2013 pakawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Jina lilibadilika, nembo ikabadilika, wakubwa wakabadilika. Sijasikia mwanafunzi hata mmoja aliyefutiwa salio la karo kwa sababu kibao cha getini kimepakwa rangi upya. Deni linafuata chombo, halifuati sura ya aliyekaa ofisini.

Uingereza ilijaribu ujanja huohuo. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki London kwa mateso ya miaka ya 1950, serikali ya Uingereza ilidai kwamba lawama yoyote ilihamia kwa Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Yaani Wakenya wajidai wenyewe! Mwaka 2011 jaji alikataa kuitupa kesi kwa hoja hiyo, na tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ikatangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 na kueleza masikitiko yake, ingawa haikukubali dhima kisheria. Wadai walikuwa wazee sana. Baadhi ya wenzao walikuwa wameshazikwa.

Nilipata alama nzuri kwenye somo hilo. Nikirudi nyumbani wikendi naweka vitabu vyangu juu ya meza ya kogo.

*

Kilichonitikisa ni Juni 2024. Mnaikumbuka. Sisi wa umri wangu tulitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona vijana wa Eldoret wakitembea mjini bila kuulizana jina la pili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Wengine walitekwa. Nikaandika sana mtandaoni. Serikali iwajibike. Nilieleza Velásquez kwa Kiswahili, watu wakasambaza, nikajiona nimefika.

Jioni moja nilikuwa na mwenzangu tuliyesoma naye, tunakunywa chai kwenye kibanda karibu na stendi ya matatu za Chepkoilel. Tulikuwa tumeandamana pamoja. Akaniangalia akacheka kidogo.

"Buda, unaongea poa. Lakini unajua mathe yangu alilala kwa uwanja wa maonyesho miezi minne?"

Sikujua. Tulikuwa marafiki miaka mitatu na sikuwahi kuuliza.

"Wewe ukisema serikali, serikali, mimi huwa naskia vizuri. Ni kweli. Lakini waliochukua ng'ombe zetu hawakuwa wamevaa yunifomu. Tulikuwa tunawajua majina."

Hakuniuliza chochote. Angeniuliza, labda ningejitetea. Alimaliza chai, akalipa yake na yangu, akapanda matatu.

Usiku ule nilielewa kitu ambacho vitabu havikuniambia. Neno "serikali" lina milango miwili, na kila mlango una mtu amejificha nyuma yake. Wenyewe tunatania kwamba serikali ni siri kali, na utani huo una ukweli zaidi ya tunavyodhani. Serikali ikiulizwa, inasema: walioua ni raia, tena hawajulikani, mimi nifanye nini? Raia akiulizwa anasema: ni wanasiasa walituchochea, ni polisi hawakuja, ni serikali ilishindwa, mimi ni nani? Kila mmoja ananyoosha kidole kwenye mlango wa mwenzake. Aliyepoteza anasimama katikati ya uwanja akigeuza shingo.

Mlango wa kwanza, sheria ya kimataifa imeuvunja. Ilichukua miaka mingi, lakini leo hakuna serikali inayoweza kusimama mbele ya jaji makini na kusema "hawakuwa watu wangu" ikaishia hapo. Mlango wa pili haujavunjwa na mtu. Na mimi, mwanasheria mtarajiwa, mtetezi wa haki za binadamu wa mtandaoni, nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimejificha kwa kutumia hoja sahihi kabisa.

*

Kuna pingamizi ambalo huwa linaletwa hapa, na si la kupuuzwa. Serikali ikilipa fidia, nani amelipa? Pesa zinatoka kwenye kodi. Manusura anaponunua sabuni na kuweka dakika za simu, analipa kodi. Basi kwa sehemu fulani amejilipa mwenyewe. Machi 2015 Rais Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa makosa ya zamani, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Manusura wakasubiri mfuko huo mwaka baada ya mwaka. Hata hizo bilioni zingefika, zingekuwa zetu sote. Na Agosti 2025 Rais Ruto alipounda jopo la wataalamu la kushughulikia fidia ya waathiriwa wa maandamano, swali lilikuwa lilelile mdomoni mwa watu: anayeshutumiwa ndiye anayeandika hundi, kwa kalamu yetu?

Kwa muda mrefu nilijibu hivi: sawa, pesa ni zetu, lakini hukumu si pesa tu. Mahakama inapoandika kwamba nchi ilishindwa, inaondoa neno "bahati mbaya" kwenye historia ya mtu. Mama aliyeambiwa miaka 12 kwamba yaliyompata ni mambo ya siasa, yamepita, asahau, anapata karatasi yenye muhuri inayosema hapana, ulikosewa. Tena kulipa kwa kodi kuna haki ndani yake, kwa sababu usalama wa jirani ni kazi tuliyompa serikali kwa niaba yetu sote, na ikishindwa, sote tunachanga.

Bado naona jibu hilo ni zuri. Lakini angalia kinachotokea nyumbani kwetu kwa jibu hilo. Anko wangu anakunywa soda, analipa kodi ndani ya bei, na shilingi yake moja inaenda huko Nairobi kuchangia deni la taifa kwa watu waliofukuzwa. Anko hajui. Hajahisi kitu. Halafu anarudi nyumbani na cherehani iko palepale. Deni la taifa linaweza kulipwa lote, hadi senti ya mwisho, na cherehani ikabaki chini ya kitambaa.

Kwa hiyo nadhani tumechanganya madeni mawili. Lipo deni la nchi, ambalo hakuna mtu binafsi anayeweza kulilipa, hata awe na huzuni kiasi gani. Mimi siwezi kuomba radhi kwa zile risasi 405. Na lipo deni la mtu, ambalo hakuna nchi inayoweza kulilipa kwa niaba yake. Moja halifuti lingine. Anayedai la kwanza kwa sauti ndipo anyamazie la pili hajadai haki, ametafuta kivuli tu.

*

Desemba iliyopita niliondoa redio, Biblia na picha, nikakunja kitambaa. Kogo alikuwa ameketi kitandani akiniangalia. Droo ya kulia ilikuwa imekwama kwa kutu. Ilipofunguka nilikuta bobini, chaki, futi ya kupimia na daftari la shule, yale ya kurasa 48. Lilikuwa daftari la vipimo. Jina la mteja, kiuno, urefu, bei, baki. Nikapekua. Ukurasa wa tisa au wa kumi, nikakuta jina langu la nyumbani, lile ambalo ni watu wa hapa tu wanalolijua. Kiuno 21. Kaptula 1, shati 1. Baki 150.

Tulikuwa na deni lake hata kabla ya vurugu.

"Kogo," nikasema, "mwenye hii mashini unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Alikuja hapa ulipozaliwa. Alileta maziwa na sukari."

"Mbona hatukumrudishia?"

Alinyamaza sana. Halafu akasema jambo ambalo nilijua litakuja, kwa sababu ndilo linalosemwa kila boma upande huu. "Weri, sisi nani alitulipa? Mzungu alikuja akamuua Koitalel, akatutoa kwa ardhi, akalima. Alipoondoka, mashamba yakagawiwa na wakubwa, na sisi tukiwa tumesimama hapa. Nani alituletea hata jembe?"

Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na Richard Meinertzhagen aliyesifiwa kwao badala ya kufungwa. Ardhi ilichukuliwa kweli. Machungu ya kogo yana tarehe na yana majina.

Lakini tazama jinsi wengine walivyoyabeba machungu ya aina hiyo. Watalai na Wakipsigis wa Kericho, ambao waling'olewa kwenye ardhi iliyogeuzwa mashamba ya majani chai, mwaka 2022 waliipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Waogiek wa Mau waliishtaki Kenya kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha, wakashinda Mei 2017. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Novemba 2023 baadhi yao wakafurushwa tena msituni, hukumu ikiwa mkononi. Hiyo ndiyo aibu ya sheria hii: haina polisi wake, inategemea mkosaji aone haya. Hata hivyo kuna kitu Waogiek na Watalai wamefanya ambacho sisi hatukufanya. Wamemwendea mdaiwa wao. Anayenidai ng'ombe haendi kuchukua mbuzi wa jirani yangu kwa sababu jirani yuko karibu.

Nilimwambia kogo hivyo, kwa Kikalenjin changu cha kuungaunga. Hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Basi mtafute."

*

Kumpata hakukuwa vigumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwenzangu yule wa chai aliuliza mamake, mamake akauliza wengine waliokuwa naye uwanjani, na siku ya tatu nikawa na namba. Siku tatu tu, baada ya miaka yote hiyo. Mama Fundi anaishi Nakuru. Bado anashona.

Nilipiga Jumapili mchana. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi kama mtu anayeenda mahakamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani?"

Nikataja jina langu la nyumbani. Kimya. Kisha akasema, "Wewe ni yule mtoto wa kiuno chembamba." Nikaanza kusoma karatasi yangu: cherehani iko, daftari liko, samahani kwa niaba ya familia. Akanikatiza.

"Subiri. Familia imekutuma?"

Nikasema hapana.

"Sasa unaomba samahani ya nani?"

Nilisomea sheria miaka minne na hakuna mwalimu aliyewahi kunibana hivyo. Ni swali ambalo lingeweza kuulizwa Bungeni ile Machi 2015, na lingeweza kuulizwa London Juni 2013. Anayeomba radhi ana mamlaka gani ya kuomba? Amewasikiliza waliotenda? Wao wamekubali? Au ameandika maneno mazuri peke yake chumbani ili alale?

Aliniambia mashine alishanunua nyingine, ya umeme. Ile ya kwetu anaitaka, si kwa kushonea, ni kwa sababu mumewe ndiye aliyemnunulia. Mumewe alifariki 2011. Daftari nalo analitaka. "Lakini usiniletee wewe," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto. Aibebe aliyeibeba. Nitampikia chai. Mwambie sina polisi hapa."

Nikamuuliza kuhusu ile 150. Akacheka, mara ya kwanza. "Hiyo tuma." Nikatuma kwa M-Pesa. Ndiyo fidia ndogo kuliko zote nilizowahi kusoma, na ndiyo pekee ninayojua kwa hakika kwamba ilitoka kwa mdaiwa ikamfikia mdai.

*

Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani nimesema tuachane na mahakama, tuombane msamaha majumbani, mambo yaishe. Hiyo ndiyo lugha ambayo serikali hupenda kuisikia. Wanasiasa wetu walipatana mwaka 2013 bila kumpigia simu Mama Fundi, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais Mei mwaka huohuo, bado ni kitabu kinene kinachongoja. Nchi ilipe. Polisi waliofyatua risasi watajwe, wale wa 2008 na wale wa 2024. Nitaendelea kuandika hivyo, na siku nikipewa leseni nitakwenda kusema hivyo mahakamani.

Ila sasa nikisema "serikali iwajibike," nasikia masikioni swali la mama mmoja wa Nakuru. Nchi haina mikono. Inapofanya ubaya inaazima mikono ya watu, na inapokataa kuchunguza inaazima midomo iliyofungwa. Ya kwetu ilikuwa mojawapo. Polisi mzembe wa 2008 alirahisishiwa kazi na kila boma lililofunika kitu kwa kitambaa.

Nilimpigia anko mara nne. Mara ya tano akashika. Nilimweleza yote, hata ile chai. Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza kama droo ya kulia bado inakwama, kwa sababu hata siku ile, juu ya mkokoteni, ilikuwa inafunguka na kujifunga.

Amesema atakuja Jumamosi. Hajasema kama ataibeba. Kogo ameshahamisha redio na Biblia dirishani, na cherehani tumeisogeza karibu na mlango. Haina kitambaa.